Tanzia Isiyotaja Sababu

Neno tanzia lina kazi mbili katika lugha yetu, na kazi hizo hazipatani. Kwa watu wengi, hapa Pemba na kwengineko, tanzia ni tangazo la kifo. Redio ikianza kuisoma, nyumba nzima hunyamaza: jina la marehemu, kisha jamaa zake, kwamba ni mama wa fulani wa Wete, ni shangazi wa fulani wa Mkoani, ni bibi wa fulani aliyeko Dar es Salaam, na maziko ni saa kumi alasiri kijijini kwao. Kwa wanafunzi wa skuli na walimu wao, tanzia ni jina la mchezo wa kuigiza ambao Wagiriki wa kale waliuita tragodia, mchezo ambao ndani yake mtu wa heshima huanguka, na wanaomtazama huingiwa na huruma na hofu. Aliyeliazima neno la kwanza akalipa kazi ya pili hakukosa akili, kwani kote kuwili mna msiba. Hata hivyo, miaka yote niliyosomesha fasihi neno hili lilinikera. Tanzia ya redio hutaja kila kitu isipokuwa sababu. Hutaja nani, wapi na lini, na haitaji kwa nini. Wala haipasi kutaja. Adabu ya msiba haitaki maiti aulizwe maswali. Tanzia ya Wagiriki haina kazi nyengine ila hiyo ya kutaja kwa nini.

Aliyelisema hili waziwazi ni Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, mtoto wa tabibu. Kitabu chake kuhusu ushairi ni kidogo sana. Kinasomeka kama maandishi ya mwalimu aliyejiandikia mambo ya kwenda kusomesha darasani, na sehemu inayodhaniwa kuwa ilihusu futuhi imepotea. Mwalimu wake, Plato, aliwafukuza washairi katika ile dola aliyoibuni katika kitabu chake cha Jamhuri, kwa hoja kwamba wanaiga vivuli vya mambo na kwamba wanazichochea hisia ambazo mtu mzima anapaswa kuzitawala. Aristotle hakusimama kumpinga mwalimu wake kwa makelele. Aliuliza tu: hii tanzia imejengwa kwa vitu gani? Akavihesabu sita, navyo ni msuko wa matukio, tabia za wahusika, fikra, lugha, nyimbo, na yanayoonekana kwa macho jukwaani. Katika hivyo sita akautanguliza msuko, akasema kwamba huo ndio kama roho ya tanzia.

Napenda kwamba wahakiki wetu wamechagua neno msuko. Ajuaye kusuka ukili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mwanamke anayesuka ukili wa mkeka hawezi kuuchomoa mwaa mmoja katikati akasema haidhuru. Ukitoka ule, ya jirani hulegea na pengo likaonekana. Aristotle ana kipimo hicho hicho: sehemu ikiwa inaweza kuondolewa na hadithi isidhurike, basi haikuwa sehemu ya hadithi. Na ana kipimo chengine, ambacho kwangu mimi ndicho chenye thamani kuliko vyote alivyoviandika. Anasema kuna tofauti kubwa baina ya jambo kutokea baada ya jengine na jambo kutokea kwa sababu ya jengine. Kijisentensi kifupi. Nimewahi kukiandika ubaoni na kukiacha wiki nzima.

Kuhusu ile huruma na hofu, na neno maarufu la katharsis, wataalamu wamebishana mno, na mimi sitajitia katika ugomvi huo. Baadhi hulifasiri kwa utakaso wa nafsi, kama mtu aliyetoka kusali. Matabibu wa Kigiriki walilitumia kwa jambo la chini zaidi, yaani kile kinachompata mtu aliyekunywa haluli. Mtoto wa tabibu bila shaka aliijua maana hii ya pili.

Utasema, msomaji, kwamba Pemba haina jumba la tamthilia la kujengewa nadharia ya Wagiriki. Ni kweli, na wala si hoja. Aristotle mwenyewe aliyaweka mambo ya jukwaani mwisho wa daraja, akasema kwamba msuko uliosukwa vizuri humtia mtu mtetemo kwa kuusikia tu, hata asipoona kitu. Basi barza ya gahawa inatosha. Chumba chenye redio kinatosha.

Fikra za Mgiriki huyu ziliusogelea ulimwengu wetu zamani sana kupitia kwa Waarabu. Kitabu chake cha ushairi kilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 10 na Abu Bishr Matta, naye alikitoa katika lugha ya Kisiria, si katika Kigiriki chenyewe. Baadaye Ibn Rushd wa Qurtuba, aliyeishi kuanzia 1126 hadi 1198, akakitolea sherehe. Ibn Rushd alikuwa miongoni mwa watu wenye akili kali kuliko wote waliowahi kumsoma Aristotle, lakini hakuwa amepata kuona tamthilia. Alipokutana na lile neno tragodia, akaifuata njia aliyokwisha kuipita Abu Bishr, akalifahamu kuwa ni madihi, ushairi wa kusifu. Na futuhi akaifahamu kuwa ni hija, ushairi wa kukashifu. Wasomi wa Ulaya hulicheka jambo hili. Mimi silicheki, kwa sababu Ibn Rushd angefika Pemba katika karne ya 19 angejiona yuko kwao. Angewakuta Kamange na Sarahani, washairi wawili wakubwa wa kisiwa hiki, wakijibizana kwa beti. Huyu anatupa, yule anapokea, na watu wanahifadhi kwa moyo. Kamange alifariki 1910 na Sarahani 1926, na mashairi yao yakatolewa kitabuni mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Sifa na lawama, tambo na kijembe, mapenzi na mawaidha: humo ndimo ushairi wetu ulimokulia, na si haba.

Ila sifa na lawama haziulizi kwa nini. Anayesifu anatuambia mtu huyu ni mwema, anayekashifu anatuambia ni mbaya, na hukumu imekwisha kabla ya hadithi kuanza. Tazama hadithi yetu mashuhuri kuliko zote, ile ya Mkama Ndume. Magofu ya ngome yake yako Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, na waakiolojia wanayahesabu kuwa ya karne ya 15. Jina lenyewe linatokana na kukama, kama anavyokamwa ng'ombe, isipokuwa waliokamwa ni watu. Tumehadithiwa tangu utotoni jinsi alivyowabebesha raia mawe vichwani huku wakisota chini kwa makalio, na jinsi alivyowajengea wake zake wawili kisima kimoja chenye ukuta katikati, mmoja akiteremka kwa ngazi na mwengine akitumbukiza ndoo kwa kamba, ili wasionane wakagombana. Ni hadithi ya kupendeza. Watoto huikumbuka kwa sababu ya yale mawe na makalio. Lakini ukiitia katika kipimo cha Aristotle inatawanyika kama miyaa isiyosukwa. Alifanya hili, kisha akafanya hili, kisha hili tena. Yeye mwenyewe anaonya kwamba hadithi haipati umoja kwa sababu tu inamhusu mtu mmoja. Anaonya pia kwamba mwovu mtupu akianguka hatumhurumii wala hatujihofii, kwani huruma ni ya asiyestahiki kupatwa, na hofu ni ya aliye kama sisi. Nani kati yetu anajiona ni Mkama Ndume? Hapana. Kila anayesimulia yumo katika kundi la waliobeba mawe. Na hapo ndipo ilipo kasoro, kwani ngome haikujengwa na mtu mmoja. Walikuwapo wasimamizi, waliohesabu mawe, na waliokuwa na shoka au fimbo mkononi, nao wote wametoweka katika masimulizi, akabaki jabari peke yake.

Sasa mchukue Fumo Liyongo. Yeye si wa Pemba, ni wa pwani ya kaskazini, Pate na mto Tana, lakini hadithi yake imeenea pwani yote, na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu aliiandika kwa utenzi mwaka 1913. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo na anataka auawe. Silaha hazimdhuru. Basi anaitwa mtoto wake wa kumzaa, anaahidiwa cheo na mke, anatumwa akamuulize baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto anakwenda kuwaarifu waliomtuma, anarudi na sindano, anasita, anahimizwa, na mwisho anamchoma baba yake usingizini.

Aristotle anasema adui akimuua adui hapana la ajabu. Mambo yanayotutetemesha ni yale yanayotendeka baina ya watu wa damu moja. Halafu anapanga namna mbalimbali. Anayetenda aweza kujua ni nani anayemtenda, kama Medea alivyowajua watoto wake. Aweza asijue, akaja kutambua baadaye, kama Edipode, ambaye habari zake Samuel Mushi alitufasiria kwa Kiswahili mwaka 1971. Au aweza kutambua dakika ya mwisho akauzuia mkono wake. Nimeupitia mpango huu mara nyingi na Liyongo hamo. Katika hadithi ya Liyongo anayetambua ni yule atakayeuawa. Mtoto anapouliza, baba anafahamu papo hapo kwamba swali hili si lake, kuna watu wamelitia kinywani mwake, na anamwambia hivyo. Kisha anampa jibu! Kule kutambua, ambako kwa Mgiriki huja mwisho na kuangusha pazia, kwetu kunakuja kabla ya kitendo, na kitendo hakizuiliki. Ni wazo kubwa, na Mgiriki hana mahali pa kuliweka.

Kwa nini alimjibu? Nimewasikia watu wengi wakilijibu swali hili kwa kusema: siku zake zilikuwa zimefika. Sikubaliani nao, na utenzi wenyewe haukubaliani nao. Alimjibu kwa kuwa aliyeuliza ni mwanawe, na Liyongo ni mtu ambaye hajapata kuogopa kutoa. Sifa ile ile iliyomfanya awe Liyongo ndiyo iliyomuua. Aristotle ana neno la hili, hamartia, ambalo vitabu vyetu hulifasiri kuwa dosari au dhambi ya shujaa, tafsiri inayopotosha. Wagiriki walilitumia neno hilo hata kwa mrusha mkuki au mshale aliyekosa shabaha. Mpiga upinde mkubwa kuliko wote wa pwani hii alilenga mapenzi ya mwanawe na mshale ukapita kando. Alipokufa alikuwa amepiga goti kisimani, upinde kauvuta, na watu siku kadhaa hawakuthubutu kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Mji ulikaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Hapa kila kitu kimesukwa: hofu yao ndiyo iliyoianzisha njama, na hofu hiyo hiyo ndiyo iliyowanyima maji.

Aliyeuchukua uzi huu akaufikisha jukwaani ni Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile iliyotoka 1969. Tamthilia hiyo imesomeshwa sana kama hadithi ya kishujaa ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, jambo ambalo naona limeidhulumu. Kinjeketile wa jukwaani anatoka mtoni Rufiji na neno la kuwaunganisha watu, na maji ya kuwapa imani. Katika neno hilo hilo, wakati amepandwa, mna kauli kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Fahamu zinapomrudia na kutambua alichokisema, anashituka. Uhuru gani huu wa kumtoa Mdachi na kumweka Sultani wa Unguja? Msomaji wa Zanzibar aliyekipokea kitabu kile miaka mitano tu baada ya Mapinduzi ya 1964 bila shaka aliusikia mkwaruzo wa ukurasa huo kwa namna asivyousikia msomaji wa Moshi. Lakini neno limekwisha kutoka. Limekuwa kubwa kuliko aliyelisema. Watu wameungana kwa sababu ya maji, na wanataka kupigana kwa sababu wameungana. Akiwazuia anavunja umoja, akiwaacha wanakwenda kufa. Hapana hata mwaa mmoja unaochomoka. Mwisho, anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa ingawa kitanzi kinamngoja, kwa hesabu kwamba akisema hivyo watakaokuja wataambiwa kuwa kupigania nchi kulikuwa kosa.

Nimeshaambiwa na watu ninaowaheshimu, tena watu wa elimu, kwamba tanzia ya namna hii haiwezi kuota kwetu, kwa kuwa sisi ni watu wa kadari. Kilichoandikwa kimeandikwa, basi hilo swali la kwa nini lina faida gani? Hoja hii naiona dhaifu kwa pande mbili. Wagiriki nao walikuwa na kadari yao, nzito kuliko tunavyodhani. Edipode aliagizwa kabla hajazaliwa, na bado Sophocles alitumia mchezo mzima kuonyesha mwanamume huyu akiifungua siri kwa mkono wake, swali baada ya swali, mpaka mjumbe wa Korintho aliyekuja kumtoa hofu akawa ndiye aliyemtia ndani yake. Na kwa upande wetu, mafundisho tuliyolelewa nayo hayakutuambia tukae tusubiri. Yametuambia tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Aliyemwacha ngamia huru hawezi kusimama kesho akasema kwamba ni kadari tu.

Nalisema hili si kwa kupenda ubishi wa vitabu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I iliyokuwa inatoka Unguja kuja Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kuchukua watu 600 na kitu. Tume ya uchunguzi ikaja kusema kwamba ilikuwa imebeba zaidi ya 2,000. Maiti waliopatikana walikuwa zaidi ya 200, na waliokosekana ni wengi kuliko hao mara nyingi. Mwezi Julai mwaka uliofuata MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Pemba ni kisiwa kidogo. Sidhani kama kuna kijiji ambacho hakikuguswa. Tanzia zikasomwa, majina yakafuatana, mama wa fulani, kaka wa fulani, nasi tukanyamaza na kusikiliza kama ada. Na barzani kauli ilikuwa moja: ajali haina kinga.

Kauli hiyo ni rambirambi, na kwa rambirambi inafaa. Mfiwa hahitaji mhakiki. Lakini miezi ilipita, na miaka, na rambirambi ikabaki kuwa ndiyo masimulizi. Meli ilizama baada ya Idi. Meli ilizama baada ya saa sita za usiku. Baada, baada, baada. Ilhali kila mtu aliyekuwapo bandarini anajua kwamba wapo waliotazama jinsi ilivyojaa wakakataa kupanda. Hao walikuwa wanasoma msuko kabla haujafika mwisho. Waliona kwamba jambo moja litazaa jengine, kwa uyamkini au kwa lazima, kama anavyosema Aristotle. Ukiwauliza hawakukuambia kuwa waliota ndoto, waliona mizigo.

Ikitokea siku mtu wa hapa akaiandika tamthilia hiyo, sitapenda aanze na mawimbi. Bahari katika habari ile ilikuwa ndiyo bahari ya siku zote. Wala sitapenda atutafutie Mkama Ndume mpya, mwenye meli mnene mwenye kicheko kibaya, tumzomee kisha tuende zetu nyumbani. Ningependa aanzie bandarini Malindi, jioni. Kuna mtu anakata tiketi, si mtu mbaya, ana watoto, na aliye mbele yake ni jirani yao wa Pemba anayembembeleza: Mwanangu, nifanyie hisani, kesho nina harusi Wete, na wewe ndiye unayenijua. Anamtazama. Anakitazama kitabu cha tiketi. Nyuma ya jirani kuna mama mwenye mtoto mgongoni, naye pia anamjua.